Espreso ya Nyumbani Lamu: Maji Kwanza, Mashine Baadaye

Espreso ni kahawa inayotolewa kwa nguvu. Maji yenye joto la nyuzi 90 hadi 96 husukumwa kupita kwenye unga uliosagwa laini na kushindiliwa, kwa mgandamizo unaokaribia mara 9 ya ule wa hewa ya kawaida, na katika sekunde 25 hadi 30 kikombe kidogo huwa tayari. Kipimo cha kale cha Kiitaliano ni gramu 7 za unga kwa mililita 25 hivi za kahawa. Kila chombo kinachouzwa kwa jina la espreso hupimwa kwa mambo hayo: joto, mgandamizo, usagaji na muda. Kwa nyumba iliyoko Amu, Shela, Matondoni au Pate, kuna mambo mengine matatu ambayo hayaandikwi kwenye boksi, nayo ndiyo huamua chombo kitadumu miaka mingapi: maji, umeme na upepo wa chumvi. Mnunuzi akianza na ladha, akayaacha hayo ya mwisho, hununua mara mbili.

Historia ya chombo chenyewe inasaidia kuchagua. Mashine ya kwanza iliyosajiliwa, ya Angelo Moriondo wa Torino mwaka 1884, ilitumia mvuke, na hata zile za Luigi Bezzera na Desiderio Pavoni, zilizoieneza espreso mwanzoni mwa karne ya 20, zilitegemea mvuke huohuo. Mvuke una kasoro mbili: hauwezi kufikia mgandamizo mkubwa bila boila kuwa hatari, na joto lake huunguza unga. Achille Gaggia wa Milano aliachana nao. Mashine zake za wenzo, zilizoingia sokoni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zilitumia pistoni na springi kusukuma maji, na hapo ndipo lile povu zito la rangi ya asali lilipoonekana juu ya kikombe kwa mara ya kwanza. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa E61, iliyoweka pampu ya umeme mahali pa mkono. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1933, Bialetti walitoa birika la moka la kuwekwa jikoni, lisilo na pampu wala waya. Vizazi vyote vitatu, yaani mvuke, wenzo na pampu, bado vinauzwa kwa matumizi ya nyumbani, na kipya zaidi si lazima kiwe ndicho kinachofaa kisiwani.

Maji ndiyo mzizi wa jambo lote. Kisiwa cha Lamu hunywa kutoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hupenya mchangani na kutuama chini kama tabaka la maji baridi lililoelea juu ya maji ya bahari, na visima huyachota hapo. Mchanga huo una mabaki ya makombe na matumbawe, kwa hiyo maji hutoka na chokaa. Visima vifupi vya mjini, vilivyo karibu na pwani, vina tatizo la ziada: chumvi ya bahari huingia, hasa wakati wa ukame na pale maji yanapochotwa kupita kiasi.

Chokaa na chumvi huharibu mashine kwa njia mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Chokaa huganda pale maji yanapopata moto. Hufunika koili ya boila kwa gamba jeupe, koili hulazimika kuwaka zaidi ili joto lilelile lifike, na mwishowe huungua. Mirija myembamba nayo huziba. Dawa ipo: maji ya asidi ya limao au siki iliyozimuliwa, yapitishwe mashinani kila baada ya wiki chache, kisha maji safi mara kadhaa. Chumvi haina dawa ya namna hiyo. Hula metali yenyewe, hutoboa alumini na hata chuma cha pua, na hakuna kusafisha kutakakorudisha kilicholiwa. Chujio la jagi linalopunguza chokaa haliondoi chumvi. Maji yenye ladha ya chumvi mdomoni, basi, yasiingizwe kabisa kwenye mashine yenye boila, hata kama familia imeyazoea kwa chai.

Kupima hakuhitaji maabara. Chumvi hujulikana kwa ulimi. Chokaa hujulikana kwa sabuni ya kipande: maji magumu hayatoi povu upesi, na huacha utando wa kijivu juu ya beseni. Sehemu ya chini ya birika la chai, baada ya mwezi mmoja wa kuchemshia, inaeleza yaliyobaki.

Upande wa pili kuna maji ya mvua, yanayokingwa paani au kuhifadhiwa kwenye majabia yanayotumika sana katika vijiji vya visiwani. Haya ni mepesi mno. Hayaachi gamba, lakini kahawa hutoka imepooza na uchachu wake kuwa mkali, kwa sababu madini kidogo ndiyo yanayovuta utamu kutoka kwenye unga. Wataalamu wa kahawa hulenga ugumu wa takriban miligramu 50 hadi 175 kwa lita. Kwa nyumba ya Lamu njia rahisi ni kuchanganya: nusu maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, nusu maji ya kisima kisicho na chumvi, kisha kuongeza au kupunguza kwa kufuata ladha na gamba linaloonekana. Maji ya madumu makubwa yanayouzwa dukani mara nyingi yamesafishwa hadi yakapoteza sehemu kubwa ya madini, nayo huchanganywa kwa mtindo huohuo.

Umeme hauna maelezo mengi. Lamu ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Mashine ndogo ya nyumbani huchukua wati 1,300 hadi 1,500, yaani chini ya ampea 7 kwenye soketi ya volti 240, kiasi ambacho soketi ya kawaida ya Kenya hukimudu bila taabu. Taabu iko kwenye umeme unaopanda na kushuka, maana mashine zenye bodi ya kielektroniki na skrini huathirika haraka kuliko zile za swichi tatu na taa. Anayeamua kununua ya umeme achague yenye swichi, na aiweke nyuma ya stebilaiza. Kwa nyumba ya sola, kama zilivyo nyingi za Kiwayu na vijiji vya Pate, hesabu ni nzito zaidi: wati 1,350 kutoka kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 110 kwa mpigo. Mfumo wa taa na simu hauwezi kuzitoa.

Kisha upepo. Katika nyumba za kale za mawe jiko huwa ghorofa ya juu, mahali pa wazi ambapo moshi hutoka na hewa ya bahari huingia. Ni jiko zuri la kupikia na mahali pabaya pa kuweka swichi, skrubu na nyaya. Ganda la chuma lililopakwa rangi huota kutu kwenye kingo kwanza. Chuma cha pua na shaba hustahimili. Plastiki nene nayo hustahimili, ingawa haipendezi. Mashine ya umeme ikae chumba cha ndani na ifunikwe kitambaa kikavu, na tangi lake la maji limwagwe kila siku. Na ikiharibika, njia ya kwenda kwa fundi ni boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Malindi au Mombasa. Kwa sababu hiyo swali la kumwuliza muuzaji kabla ya bei ni kama mpira wa kuzibia, chujio na pampu vinauzwa kimoja kimoja.

Kwa kuyapima yote hayo, birika la moka linastahili kutajwa kwanza. Maji hukaa chumba cha chini, hewa na mvuke vilivyofungiwa hutanuka kwa moto, na maji husukumwa kupanda kupitia ungani hadi chumba cha juu. Mgandamizo wake ni mara moja na nusu hivi ya ule wa hewa, kwa hiyo kinachotoka si espreso kamili na hakina povu lile. Ni kahawa nzito, chungu, yenye mwili, na kwa mdomo uliolelewa na kahawa tungu ya barazani ladha hiyo iko karibu na nyumbani kuliko espreso nyingi za mkahawani. Linalofaa Lamu ni la chuma cha pua. Alumini ni rahisi kwa bei, lakini hewa ya chumvi na maji ya chumvi huitia madoa meusi na mashimo madogo.

Kulitumia vizuri kunahitaji uangalifu. Maji yatiwe yakiwa moto tayari, yasipite valvu ya usalama, ili unga usikae juu ya metali inayochemka kwa muda mrefu. Unga usawazishwe tu, usishindiliwe, kwa sababu mgandamizo mdogo hautapenya. Moto uwe mdogo: kwenye gesi, kichomeo kidogo kabisa, kwenye seredani, makaa yaliyoanza kufunikwa na jivu. Birika liondolewe mara sauti ya mkoromo inapoanza, kwani kinachofuata ni mvuke unaounguza. Kwa maji ya Lamu kuna kanuni moja isiyo na mjadala: valvu ya usalama ichunguzwe kila wiki, isukumwe kwa ncha ya kijiti kuhakikisha inacheza. Chokaa ikiiziba, chombo kilichofungwa juu ya moto hakina pa kupumulia.

Anayetaka espreso ya kweli bila kutegemea umeme ana mashine za wenzo za mkono, kama Flair na ROK. Maji huchemshwa pembeni, hutiwa kwenye silinda, na mkono hushusha pistoni. Nguvu za mtu mzima zinatosha kufikia mgandamizo unaohitajika. Hazina boila, kwa hiyo chokaa haina pa kujificha, na karibu kila kipande hufunguliwa kwa mkono na kuoshwa. Udhaifu wake ni kwamba hutoa kikombe kimoja au viwili kwa zamu, na joto hushuka silinda isipopashwa kwanza kwa maji moto. Zisichanganywe na La Pavoni Europiccola ya 1961 na jamii yake: hizo ni za wenzo, lakini zina boila ya umeme, na huugua maradhi yote ya boila.

Mashine za pampu huja na namba kubwa kwenye boksi, 15 au hata 19. Namba hiyo ni uwezo wa juu kabisa wa pampu, wala si mgandamizo unaofika kwenye unga. Iliyotengenezwa vizuri ina valvu inayoushusha hadi 9, na kuwapo kwa valvu hiyo kuna thamani kuliko namba yenyewe. Nyingi za bei nafuu hutumia chujio lenye kitobo kimoja chembamba kinachotengeneza povu hata kwa unga uliochakaa. Povu hilo halithibitishi chochote. Mashine bora huja na chujio la kawaida pia, na hilo hudai unga uliosagwa sawasawa. Mashine za vidonge kama Nespresso ni nyepesi kutumia, ila mwenye nayo huwa mteja wa vidonge daima, na ganda la kila kikombe hubaki kisiwani. Mahali ambapo jahazi la Flipflopi lilizinduliwa mwaka 2018 likiwa limeundwa kwa taka za plastiki, taka hiyo mpya ni vigumu kuitetea.

Bajeti ikiwa ndogo, fedha ziende kwenye kinu kabla ya mashine. Kinu cha visu hukata baadhi ya punje kuwa vumbi na kuacha nyingine chenga, na maji hupita kwenye chenga bila kuvuta kitu. Kinu cha mkono chenye meno ya chuma husaga sawasawa, hakili umeme, na kinafaa moka na wenzo pia. Unyevu hubadilisha usagaji: unga uliotoka vizuri wakati wa kaskazi kavu unaweza kuhitaji kurekebishwa masika yanapoingia. Kahawa inunuliwe punje, gramu 250 kwa mara, ihifadhiwe kwenye kopo lisilopitisha hewa, na isagwe ya siku hiyo tu. Birika la moka la vikombe sita hutumia gramu 30 hivi, kwa hiyo pakiti moja ni mapishi manane. Aina za SL28 na SL34 zilizoipa Kenya jina huwa na uchachu mwingi zikikaangwa kidogo. Kwa vyombo hivi zilizokaangwa wastani kuelekea nyeusi hutulia zaidi.

Yabaki viungo na wageni. Tangawizi na iliki vilivyotwangwa visiingie kwenye mashine ya pampu, maana nyuzi za tangawizi huziba kitobo cha chujio na harufu hukaa kwenye mpira kwa wiki nyingi. Katika moka iliki kidogo yaweza kuchanganywa na unga. Tangawizi itiwe chumba cha juu, kahawa ipandie juu yake. Ama wageni, mashine ndogo ya nyumbani huchukua kama dakika mbili kwa kila vikombe viwili, ukihesabu kushindilia na kusuuza. Kwa watu wawili baada ya chakula hilo si kitu. Kwa watu kumi waliokaa dakani baada ya Isha, wa kwanza huwa amemaliza wa mwisho hajapata, na hapo dele la shaba juu ya makaa hufanya kazi ambayo hakuna mashine ya nyumbani iliyoundwa kuifanya. Nyumba inayopokea watu mara kwa mara inunue moka la vikombe tisa au kumi na mbili, au ibaki na dele lake na kununua chombo kidogo cha wenzo kwa kikombe cha asubuhi.