Mtunzi ni Nani? Tahakiki ya "Transformers: The Ultimate Guide"

Kitabu hiki cha Simon Furman, Mwingereza aliyetunga hadithi nyingi za picha za roboti hawa, kilitoka mwaka 2004, Transformers walipotimiza miaka 20. Kifani kinavutia, picha kubwa na rangi kali. Lakini tusipumbazwe na rangi, ndugu msomaji. Hebu tujiulize, mtunzi wa wahusika hawa ni nani hasa?

Tumezoea kuona mtunzi akimuumba mhusika, ndipo soko lifuate. Hapa mambo ni kinyume. Midoli ya kampuni ya Takara ya Japani ilitangulia; Hasbro ya Marekani ikaichukua, na waandishi wa Marvel wakapewa kazi ya kuipachika majina, tabia na vita.

Matokeo yake yalionekana katika filamu ya 1986. Optimus Prime, kiongozi wa upande wa wema, aliuawa. Si kwa sababu mgogoro ulidai hivyo, la! Midoli ya zamani ilitakiwa kuipisha mipya madukani. Basi watoto wakalia, wazazi wakalalamika, na mwaka 1987 akafufuliwa kwenye televisheni.

Kwa hiyo wanaosema hii ni biashara tupu wamesema nusu tu. Biashara iliuza midoli, lakini mtoto aliyelia alikuwa ameshaifanya hadithi kuwa yake. Mwongozo unaomtukuza roboti bila kumtaja mtoto huyo umemsahau mtunzi mwenzake.