Maziwa ya Usiku Mmoja: Uhakiki wa Ngano ya Asili ya Nkore

Mbarara, mji ulio kando ya mto Rwizi, wasemekana umepata jina lake kutokana na majani yaitwayo emburara. Asili ya jina ni jambo jepesi. Asili ya watu ndiyo yenye uzito.

Ngano ya Nkore yasimulia kuwa Ruhanga, Muumba, aliwajaribu wanawe watatu. Kila mmoja alipewa chombo cha maziwa akilinde usiku kucha. Kairu alisinzia, maziwa yakamwagika. Kahima alimgawia Kakama sehemu ya maziwa yake. Kulipopambazuka, chombo cha Kakama ndicho kilichojaa. Basi Kakama akapewa utawala, Kahima ng'ombe, na Kairu jembe.

Ngano hii imesukwa vizuri: usiku mmoja, mtihani mmoja, hukumu tatu. Lakini sisi walimu wa lugha tuyatazame majina. Katika Kinyankore, kama katika neno letu "katoto", ka- huonyesha udogo. Kairu ni Mwiru mdogo, Kahima ni Mhima mdogo, Kakama ni mtawala mdogo. Kwa hiyo matabaka ndiyo yaliyowazaa ndugu hawa, wala si ndugu walioyazaa matabaka. Mtunzi aliyakuta yamekwisha simama, akayatafutia baba. Tena Kakama hakushinda kwa kukesha peke yake. Alishinda kwa maziwa ya nduguye. Ngano yenyewe yatoboa siri yake.

Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967, ngano haikufutwa. Nasi tulio Kakiika hatuwezi kuichukulia kuwa mchezo, kwani katika makazi ya Nakivale, yaliyopokea wakimbizi wa Rwanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wamo pia watu wa Burundi na Kongo. Rwanda nayo ina ngano ya Gatwa, Gahutu na Gatutsi, yenye maziwa yale yale na kiambishi kile kile, ka- ikitamkwa ga-. Mauaji ya 1994 yametufunza hatari ya kuamini kwamba watu waliumbwa mafungu mafungu.

Je, tuiondoe ngano hii darasani? La. Tuifundishe, kisha tuulize: nani asimulia, na nani afaidika? Halafu tumwombe mwanafunzi aisimulie upya kwa kinywa cha Kairu. Huenda tukasikia kwamba alisinzia kwa sababu alikuwa amelima mchana kutwa.