Kaburi Lililojificha Ndani ya Tabaka la Pili

Nimeshika koleo katika maziko mengi kijijini kwetu, na kila mara macho yangu huenda kwenye ukuta wa kaburi. Juu kuna udongo mweusi wenye mizizi. Chini yake mwekundu. Wachimbaji wakifika usawa wa kifua, sululu inaanza kulia kwenye chokaa. Vyote hurundikwa kando pamoja, na maiti akishalazwa, rundo lilelile hurudishwa shimoni. Lakini halirudi lilivyokuwa. Weusi umeingia chini, vipande vya chokaa vimeelea katikati, na wekundu umetapakaa kila mahali. Mvua ikinyesha misimu miwili mitatu, juu panajaa nyasi na mpita njia hajui kitu. Ndani, hata hivyo, mchanganyiko ule unabaki.

Tofauti hiyo ya udongo uliolala na udongo uliorudishwa iliwasumbua wataalamu miaka 20 katika Korongo la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania.

Mwaka 1913 mwanajiolojia Mjerumani Hans Reck aliongoza msafara kwenda kwenye korongo hilo. Kazi yake ya kwanza, nayo ndiyo iliyodumu, ilikuwa kuyasoma matabaka na kuyapa namba kuanzia chini kwenda juu, la Kwanza hadi la Tano. Alifuata kanuni aliyoiandika Nicolaus Steno mwaka 1669: palipo shwari, tabaka la chini limetangulia la juu. La Kwanza limekalia lava nyeusi na limejaa majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro pamoja na matope ya ziwa lililokauka zamani. La Tatu ni jekundu, hulikosei hata ukiwa ng'ambo ya korongo. La Tano ni changa mno kuliko mengine. Kabla halijawekwa, ardhi ilikatika na kulika kwa muda mrefu, mahali pengine matabaka ya juu yakaondoka kabisa. La Tano likaja kutandaza juu ya chochote kilichokuwa wazi, pamoja na gamba gumu la chokaa.

Shika hilo la ardhi kulika, maana kesi nzima imesimama hapo.

Ndani ya Tabaka la Pili, penye mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani, watu wa Reck walikuta mifupa ya binadamu. Haikuwa vipande, ilikuwa kiunzi kizima, magoti yamekunjwa, na fuvu lake ni la mtu kama mimi na wewe. Reck alitangaza kwamba binadamu wa sura ya leo aliishi pamoja na wanyama wale wa kale. Ulaya walipinga: hilo ni kaburi tu, mtu kazikwa juu akashuka chini.

Reck hakuwa mzembe. Hoja ya kaburi aliifikiria palepale, akatafuta mpaka wa shimo, akaona udongo juu ya mifupa umetulia na umekaza. Hata hivyo mkao ule wa kujikunja ungetosha kunitia shaka. Mnyama aliyefia ziwani hatawanyiki kwa adabu. Fisi humvuta, maji humsambaza. Mwili uliokunjwa na kubaki mzima una mikono ya watu nyuma yake.

Mwaka 1931 mwanaakiolojia Louis Leakey alikwenda Oldupai pamoja na Reck mwenyewe na Arthur Hopwood wa Uingereza. Leakey alikuwa na mashaka, lakini alipofika akashawishika, na watatu hao wakaandika katika jarida la Nature kwamba Reck alikuwa sahihi. Macho matatu ya kitaalamu yalitazama ukuta uleule na kuona kilekile.

Jibu halikutoka korongoni. Lilitoka kwenye udongo ulioganda kwenye kiunzi chenyewe, kilichokuwa kimehifadhiwa Munich. Sampuli zake zilifika mikononi mwa Percy Boswell, profesa wa jiolojia jijini London. Yeye hakuuliza mifupa ilikutwa ndani ya tabaka gani. Aliuliza udongo ulioizunguka umetengenezwa na nini. Akakuta vijiwe vyekundu vinavyofanana na vya Tabaka la Tatu, na vipande vya chokaa kama vya Tabaka la Tano. Tabaka la Pili lililolala bila kuguswa lingewezaje kubeba vipande vya matabaka ambayo yalikuwa bado hayajazaliwa?

Hapo picha ilijipanga. Mahali pale matabaka ya juu yalikuwa yamekwisha kulika, la Pili likabaki wazi kama uwanja. Watu wakaja Tabaka la Tano lilipokuwa likianza kuwekwa, wakachimba, wakamzika mwenzao, wakarudisha udongo uliochanganyika. Baadaye sehemu iliyobaki ya Tabaka la Tano na chokaa yake vikafunika pote, na chokaa ikaugandisha udongo wa kaburi hadi ukaonekana umekaza kama mwamba uliolala bila kuguswa. Mwaka 1933 Leakey, Reck, Hopwood, Boswell na mwenzao Solomon walitia saini barua katika Nature wakikubali kwamba maziko yalifanyika baada ya ule mmomonyoko mkubwa. Ninawaheshimu kwa barua hiyo kuliko kwa mambo yao mengine mengi. Reck alikuwa ameubeba msimamo wake miaka 20, akauweka chini mbele ya kila mtu.

Kwa mchimbaji wa leo, shimo nalo ni tukio lenye namba yake. Mkato wa kaburi huandikwa peke yake, udongo uliolijaza peke yake, na mwiko hukwangua ukuta mpaka mstari uonekane kabla ya mfupa mmoja kuinuliwa.

Mary Leakey, mke wa Louis, alipoliona fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus hukohuko Oldupai tarehe 17 Julai 1959, ndani ya Tabaka la Kwanza, yeye na wenzake hawakulichomoa upesi. Walimngoja mpigapicha. Mwaka uliofuata walifungua eneo pana kulizunguka, na kila jiwe lililochongwa na kila kipande cha mfupa kikachorwa kwenye ramani pale kilipolala. Sakafu hiyo ilikuwa imebanwa na majivu ya volkano chini na juu, bila kukatwa na shimo lolote. Majivu yana fuwele zenye potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni na kunaswa humo tangu siku volkano ilipolipuka. Mwaka 1961 kipimo cha gesi hiyo kilitoa miaka milioni 1.75, vipimo vya baadaye vimesogeza hadi karibu milioni 1.84. Safari hii hakuna aliyeuliza kama fuvu lilishuka kutoka juu.