Sime ya babu "ya Kimasai": tatizo la kutambua silaha kwa macho

Nyumbani kwetu Kibosho kuna sime imetundikwa ukutani tangu sijazaliwa. Ala yake ni ya ngozi nyekundu iliyochakaa, mpini umefungwa kamba, na bapa lake ni jembamba karibu na mpini kisha linapanuka kuelekea ncha, kama jani refu. Mwaka jana nilituma picha zake kwa mtaalamu wa makumbusho moja (sitayataja). Baada ya dakika kumi akajibu: sime ya Kimasai, ya karne ya 20, ya kawaida.

Nilimsomea babu jibu lile. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, hiyo imefuliwa Mamba. Springi ya lori nilimpelekea mhunzi mimi mwenyewe."

Basi makala hii ni ya kulalamika kidogo, mnivumilie. Simlaumu sana yule mtaalamu. Alifanya kile tunachofundishwa wote: tazama umbo, lilinganishe na picha za kitabuni, toa jina. Ninacholaumu ni mbinu yenyewe pale inapopewa kazi isiyoiweza.

Mbinu hii ilikuzwa sana na watu wa Ulaya waliokuwa wakipanga panga na majambia ya zama zao za kati. Ukisoma kuhusu majambia hayo utakuta makundi yanayorudiwa kila mahali. Kuna rondeli, lenye visahani viwili vya mviringo juu na chini ya mpini. Kuna baselardi, ambalo mpini wake unafanana na herufi I iliyolala. Kuna jambia la masikio. Na kuna moja ambalo chini ya mpini lina vivimbe viwili vya duara, na wenyewe wa zama zile waliliita kwa jina la korodani bila kupepesa macho. Waingereza wa karne ya 19 wakaona haya, wakalibadilisha jina likawa jambia la figo. Mpaka leo kuna vitabu vinaandika figo. Kwa hiyo hata jina tunalodhani ni la kisayansi linaweza kuwa limetokana na aibu ya mtu fulani.

Angalia pia kwamba makundi yote hayo yanatokana na mpini. Mpini huoza, huvunjika, hubadilishwa. Mtu akikuletea bapa tupu lililoliwa na kutu, nusu ya kitabu haina msaada.

Ndiyo maana nakipenda kitabu cha visu na ala kilichotolewa London mwaka 1987, kazi ya Cowgill, de Neergaard na Griffiths. Vitu vyao vilichimbwa kando ya mto Thames, kwenye matabaka ya udongo yaliyopewa tarehe kwa sarafu na kwa kuhesabu pete za miti ya magogo yaliyojengea kingo. Kwanza walijua kitu kimetoka wapi na lini, kisha ndipo wakaangalia umbo. Tena London ile kazi iligawanywa: mmoja anafua bapa, mwingine anatia mpini, mwingine anashona ala. Kisu kimoja, mikono mitatu. Sasa niambie, "kabila" la kisu hicho ni lipi?

Rudi mlimani. Sime kama ya babu inaweza kuwa na bapa la mhunzi wa Kichaga, ala ya fundi wa ngozi wa nyikani, na mmiliki ambaye hakuwahi kuchunga ng'ombe zaidi ya wawili, tena wa zizini. Wamasai wanao wahunzi wao, Ilkunono. Lakini wahunzi wa Kilimanjaro nao waliwafulia Wamasai mikuki na sime kwa miaka mingi, na Mamba ilijulikana kwa kazi hiyo. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyekuja huku mwaka 1902, aliandika makala nzima kuhusu mhunzi wa Kichaga mwaka 1912. Habari hizi zimechapishwa siku nyingi. Hata hivyo kibandiko kikiandikwa, jina linaloshinda ni la mtu aliyepigwa picha akiwa ameshika silaha. Aliyeifua hayumo.

Chuma chenyewe kina hadithi yake. Wachaga kwa kawaida hawakuyeyusha chuma, walikipata kwa jirani zao Wapare, hasa Ugweno, ambako uyeyushaji una historia ndefu. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ikaleta nyaya za chuma, na wahunzi wakazipokea kwa mikono miwili. Baadaye zikaja springi za magari. Hapo ndipo maabara inaweza kulishinda jicho. Chuma cha tanuru la kienyeji huwa na vipande vidogo vya mavi ya chuma vilivyonaswa ndani, unaviona kwa hadubini ukisugua sehemu ndogo. Springi ya gari ni safi zaidi, na ukiipima utakuta silikoni au manganisi ya kutosha, wakati mwingine kromi. Mabapa mawili yenye umbo lile lile yanaweza kupishana miaka mia.

Sisemi umbo halina kazi. Lakini linasema mtindo ulikuwa upi, halisemi nani alipiga nyundo.

Kuna atakayeuliza kwa nini nahangaika na springi ya lori. Wajerumani walipigana na Mangi Sina wa Kibosho mwaka 1891, wakashindwa Moshi mwaka 1892, wakarudi mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine. Katika miaka ile mikuki, ngao na sime nyingi zilisafirishwa kwenda makumbusho ya Ujerumani. Mifupa ya watu ilisafirishwa pia, na Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayoitunza ilitangaza kwamba vipimo vya DNA vimepata ndugu walio hai huku Tanzania. Chuma hakina DNA. Kwa silaha, ushahidi mara nyingi ni kile kibandiko na daftari la mapokezi. Kikisema "Masai" kwa sababu mtu alitazama umbo kwa dakika kumi, siku ya mazungumzo ya kurudisha nani atapigiwa simu Mamba?

Mimi mwenyewe si msafi. Kwenye rasimu yangu ya kwanza ya tasnifu niliandika "mikuki ya Kimasai" mara kumi na moja, nimehesabu. Sasa kwenye fomu yangu nimetenganisha safu: aliyefua, aliyetia mpini, aliyeshona ala, aliyetumia, mahali ilipochukuliwa. Nyingi zinabaki tupu, na nimeamua kuziacha tupu.

Kwa sime ya babu nimejaza tatu. Safu ya aliyefua bado inatusumbua. Babu anakumbuka bei, anakumbuka mvua iliyonyesha siku ile, anakumbuka mivuba ilikuwa inavuja upepo. Jina, hapana. "Yule wa chini ya kanisa," anasema, "alikuwa na kidole kimoja kifupi." Nimeandika hivyo hivyo.