"Under the weather" na kijana mwenye homa

Naandika kutoka Fereej Bin Mahmoud, Doha.

Nina ugomvi na hizi orodha za nahau za Kiingereza ambazo vijana wetu wanazihifadhi kwenye simu. Moja nilionyeshwa na kijana wa Kikenya, mlinzi hapa mtaani. Mbele ya "under the weather" imeandikwa "kutojisikia vizuri", basi. Hakuna mfano, hakuna onyo.

Agosti iliyopita kijana aliamka na homa kali, akampigia simu msimamizi wake, Mnepali, akaitumia nahau yake. Akajibiwa: zamu yako ni ya usiku, jua linakuhusu nini? Akaenda kazini. Usiku wa manane akarudishwa kwa teksi, hawezi hata kusimama.

Msimamizi alisikia neno "weather" tu, na hapa Qatar hali ya hewa ni jambo la sheria. Tangu 2021, kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani zimekatazwa saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Anayelalamikia hali ya hewa hudhaniwa analalamikia joto.

Kosa la orodha ni kutoa maana bila uzito wake. "Sijisikii vizuri" yetu hubeba kila kitu, tangu uchovu wa safari mpaka malaria. Nahau ya Mwingereza hubeba mafua na kichwa kizito. Ni kama kusema "naumwa kidogo, msihangaike". Kwetu iko karibu zaidi na "nimeamka mwili mzito". Mkorea naye husema momi an jota, yaani mwili si mzuri, kwa maradhi madogo na makubwa. Akipewa orodha kama hii, atanasa palepale.

Sisi tuna mtego wa ziada: kwa Kiswahili cha mtaani, hali ya hewa ikichafuka ujue kuna ugomvi, si ugonjwa.

Tunaosomesha wageni tunalijua hili. Hatumwachii mwanafunzi "hajambo kidogo" bila kumweleza kwamba husemwa juu ya mgonjwa anayepata nafuu. Kwa nini vijana wetu wapewe Kiingereza kwa jumla jumla?

Kijana nimemwandikia sentensi mbili za Kiingereza cha darasa la sita: nina homa, nataka kumwona daktari. Nahau atajifunza akiwa mzima.

Nawasilisha. Anayeona nimekosea, anikosoe.