Hongera, Mafundi wa Igombe

Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora kwa bomba, na watu wana haki ya kushangilia. Mimi nawapongeza wasiopigwa picha: mafundi wa mabwawa ya Igombe na Kazima, yaliyounywesha mji huu wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji miaka mingi kabla ya bomba. Kazi yao haina shangwe. Wanang'oa miti michanga kwenye tuta, maana mzizi ukioza huacha tundu na maji hupenya humo. Wanaziba mashimo ya panya. Mvua zikikaribia, wanasafisha njia ya kutolea maji ya ziada. Na tope, ambalo halina likizo.

Bomba nalo lina deni la kisiasa. Mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri uliipa Misri nguvu ya kupinga miradi kwenye maji ya Nile, likiwemo Ziwa Victoria. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilikataa kufungwa nao. Wanadiplomasia wake nao wanastahili mkono wa pongezi.

Lakini wenye bajeti, msiwasahau watu wa tuta. Bomba likipasuka huko Nzega, Tabora itarudi Igombe.