Viraka vya Katiba na Mafundi Wake

Wanaodai katiba mpya Tanzania husema hii ya 1977 imejaa viraka. Ni kweli: hadi mwaka 2005 ilikuwa imefanyiwa mabadiliko mara 14. Lakini kiraka nacho kina fundi wake, na ufundi wa waandishi wa sheria umejificha pale ambapo msomaji hupita mbio.

Tazama ibara ya 10. Imebaki namba tu. Ilihusu Chama enzi za chama kimoja, ikafutwa mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliporudi. Ibara ya 11 haikupandishwa kuziba pengo. Namba ikishatajwa katika sheria na hukumu, ukiihamisha unapotosha kila maandishi yaliyoitegemea. Kuongeza nako kuna adabu yake: masharti ya utoaji haki na uhuru wa Mahakama yalipoingia mwaka 2000, yaliitwa 107A na 107B, na ibara ya 108 ikakaa palepale.

Kazi ya 1992 ndiyo inayonivutia zaidi. Kuandika katika ibara ya 3 kwamba nchi inafuata mfumo wa vyama vingi ni suala la maneno machache. Shida ni kwamba Chama kilikuwa kimetia mizizi kila upande: sifa za mgombea urais ziko ibara ya 39, za mbunge ya 67, na sababu za kupoteza ubunge ya 71. Mwandishi hana budi kuifuata mizizi hiyo mmoja mmoja. Akisahau mahali pamoja tu, Katiba itatoa amri mbili zinazogombana, na mawakili hawatachelewa kuziona.

Hata kufuli ya mabadiliko imechongwa kwa uangalifu. Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wote. Likiguswa jambo kama kuwapo kwa Muungano au orodha ya Mambo ya Muungano, inataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Wingi wa Bara hauwezi kuumeza uchache wa Visiwani.

Ufundi, hata hivyo, hutumikia aliyeuagiza. Sheria Na. 15 ya 1984 iliingiza haki za msingi katika Katiba. Sheria iliyoifuata, Na. 16, ikazuia mahakama kuzitumia hadi 1988. Zote mbili ziliandikwa kwa mkono uliokomaa.

Kinachomwokoa mwananchi ni uaminifu wa kumbukumbu. Pembeni mwa ibara, Katiba hutaja sheria iliyoibadilisha, mwaka na namba yake. Anayejua kusoma pembeni anaweza kuuliza haki fulani ilitolewa lini, ikapunguzwa lini, na Bunge gani lilikuwa limekaa. Katiba mpya itakapoandikwa, desturi hiyo itastahili kurithiwa nzima.